Weusi wa Kaniki na Rangi za Mwanza

Wako wasemao kwamba rangi za nguo hubadilika kwa sababu macho ya watu huchoka. Kauli hiyo si uongo mtupu, lakini ikipimwa kwa historia ya mavazi kandokando ya Ziwa Viktoria huonekana kuwa imemsahau mfanyabiashara, afisa wa forodha na pipa la rangi.

Speke alipoliona ziwa mwaka 1858, Waganda na Wahaya walikuwa wakivaa nguo za magome ya mti, zenye wekundu wa udongo uliochomwa. Wekundu huo ulikuwa wa mti wenyewe. Misafara kutoka pwani ikaleta merikani, nguo isiyotiwa rangi, pamoja na kaniki, nguo ya pamba iliyozamishwa katika nili hata ikakaribia weusi. Kaniki ilificha uchafu wa shamba, na sifa hiyo ingetosha kuiuza. Lakini Usukumani ikapewa heshima ambayo mchuuzi hakuipima kwa mkono wala dhiraa: mganga akaivaa mbele ya mizimu, na angali akiivaa. Bidhaa ya dukani ikawa vazi la ibada. Anayeiita kaniki nguo ya watu wasiojua rangi hajaisoma sawasawa.

Ufundi wa rangi za kemia, ulioanzia Uingereza kwa zambarau ya Perkin mwaka 1856, ulileta baadaye wekundu na manjano ya kanga. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mwanza ikapata kiwanda chake, Mwatex, na pamba ya Usukuma ikaanza kufumwa karibu na shamba lake. Dawa za rangi, hata hivyo, zilitoka ng'ambo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipokausha akiba ya fedha za kigeni, ambayo tayari ilikuwa haba, viwanda vilipungukiwa na madukani nguo zikawa adimu. Watazamao leo picha za miaka ile hudhani kwamba watu walipenda nguo zilizofifia. Hawakuzipenda! Walizifua na kuzivaa tena kwa kuwa nyingine hazikupatikana.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na mitumba ikafurika. Hapo yakatokea mambo ya ajabu kidogo: rangi iliyokwisha kuyachosha macho ya Ulaya na Marekani ilifunguliwa katika robota sokoni Mwanza ikiwa mpya kabisa. Kwa hiyo mhakiki anayezigawa rangi za Mwanza kwa miongo ya Ulaya atakosea tarehe. Shati la hudhurungi na rangi ya chungwa, la mtindo wa miaka ya 1970, huenda lilivaliwa mara ya kwanza kando ya ziwa miaka kumi au zaidi baada ya mwenyewe wa awali kulitupa.