Kukalafati Uluguru ya Karatasi

Tulipoazimu kuunda mfano wa milima ya Uluguru kwa ajili ya maonyesho ya Nane Nane hapa Morogoro, ili mtazamaji aone kwa macho yake jinsi maji yatokavyo kwenye uwanda wa juu wa Lukwangule yakateremka hata mto Ruvu, ambao Dar es Salaam huunywa, tulichagua ubao wa povu, yaani ule mwepesi wenye povu la polistairini kati ya karatasi mbili, unene wake milimita 5. Kwa kipimo cha 1:50,000 tulihesabu kila ubao kuwa mita 100 za mwinuko, nayo milima ikazidi urefu wake wa haki mara mbili na nusu. Mubalagha huo tuliuridhia, kwani bila yake kilele cha Lupanga, chenye mita 2,138, kingekuwa kichuguu. Toka mjini hata kilele cha Kimhandu yakahitajiwa matabaka yapatayo 21.

Kukata kulikuwa kwepesi. Taabu ilikuwa viungo, maana urefu wa milima ulizidi ubao mmoja, na kila tabaka la chini likawa na mshono. Siku ya jaribio la kwanza tulipomimina maji, yalipenya karibu na kijiji cha Bunduki, karatasi ikavimba na kubanduka. Kosa lilikuwa letu: tulijaza puti nene kwa mara moja, ikakauka juu hali ndani ingali mbichi, kisha ikasinyaa na kupasuka. Tena ilikuwa masika, na karatasi hutanuka kwa unyevu ilhali povu halitanuki, kwa hiyo kiungo hakitulii hata kidogo. Mmoja wetu akajaribu gundi ya viatu, na povu likayeyuka mbele yetu, kwani vimiminika vya gundi hiyo, kama ilivyo petroli na thina, huila polistairini.

Ndipo nilipokumbuka kalafati. Fundi wa jahazi haingizi kitu kigumu katika mwanya wa mbao. Huugongea pamba iliyolowa mafuta, ambayo hukubali kubanwa mbao zinapovimba. Basi tukabandua yote, tukapanga matabaka upya ili mshono wa juu usiangukie wa chini, tukaunga kingo kwa gundi nyeupe ya mbao, na kesho yake tukalaza juu ya kila kiungo utepe wa karatasi ya shashi uliolowa gundi hiyo iliyozimuliwa kwa maji. Shashi ndiyo pamba yetu. Puti ikafuata, nyembamba, mara mbili, na msasa laini baina yake, kisha rangi ya maji. Lakini gundi nyeupe hulainika ikikaa majini, kwa hiyo mikondo ya mito tuliipaka silikoni, nayo baada ya rangi, kwa kuwa rangi haishiki juu yake.

Tulitandika gazeti chini ya meza, tukamimina kikombe kizima pale Lukwangule. Maji yakashuka polepole, yakapita Bunduki, yakaingia Ruvu, na gazeti likabaki kavu.