Ngozi Isiyovutwa Upande Mmoja

Zefe ya Maulidi ipitapo Mji wa Kale katika Mfungo Sita, macho huwafuata wanafunzi wa madrasa na kanzu zao nyeupe. Masikio huyafuata matari, na nyuma ya kila twari yupo fundi aliyeliwamba.

Kazi huanzia kwenye duara la mti. Fundi hulipiga msasa, kisha huzungusha kidole gumba ukingoni polepole. Penye mkwaruzo ndipo ngozi itakapokatikia, basi husugua tena hadi kidole kiteleze.

Ngozi ni ya mbuzi. Huiroweka hata ilainike, akakwangua manyoya kwa kisu alicholaza. Kisu kikisimama, ngozi hutoboka. Huiinua mbele ya mwanga kutafuta mstari wa uti wa mgongo, palipo panene, akaupitisha katikati ya duara ili pande mbili zilingane.

Kisha huwamba. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Fundi huyu hathubutu. Msumari wa kwanza huupiga upande wake, wa pili ng'ambo, wa tatu kulia, wa nne kushoto, na kila mvuto hulipwa na mvuto wa mkabala wake. Akijipendelea hata kidogo, twari litatoa sauti mbili.

Hulianika kivulini, maana jua kali hukaza ngozi kwa pupa na duara likapinda. Likikauka, hugonga ukingoni kwa ncha za vidole, pande zote, akisikiliza. Pakilia tofauti, hung'oa misumari yote na ngozi hurudi majini.

Kazi ya mikono kuingia katika ibada si jambo la kwetu tu. Huko York, Uingereza, katika Zama za Kati, waunda meli ndio walioigiza barabarani kuundwa kwa safina ya Nuhu: ufundi wenyewe ukawa ibada. Kwetu, Habib Swaleh, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha wa Lamu, aliyapa matari heshima yake katika Maulidi, ingawa wapo waliompinga.

Siku ya zefe, unyevu wa bahari hulegeza ngozi, na wapigaji huyapasha matari moto kabla ya kutoka. Ngozi iliyokazwa mno ingepasuka hapo, iliyolegea isingeamka. Fundi, alipokuwa akipiga misumari yake, alikwisha kutia hesabuni bahari na moto.