Kidaka, Kigae na Kina: Pambo la Nyumba kutoka Kilwa hadi Sudi

Kiswahili hakikumtengea mshairi kitenzi chake peke yake. Bibi harusi hupambwa, msikiti hupambwa siku ya Maulidi, chumba hupambwa, na beti nayo hupambwa. Anayepamba, popote alipo, hachukui tu kitu kizuri akakiweka mbele ya watu. Huchagua, hupanga, huacha nafasi, na hujua pa kukomea. Kwa hiyo suala la vyombo vya kale kuwa mapambo ya nyumba, ambalo siku hizi limeachiwa wenye maduka na wenye hoteli, ni suala la wapenzi wa ushairi pia. Linahusu jambo ambalo kila mtunzi hukabiliana nalo: ni nini kinachoufanya mkusanyo wa vitu vizuri uwe utungo, na ni nini kinachouacha ubaki lundo?

Ni vigumu kuutaja utungo wa Kiswahili uliolikabili swali hilo kwa uzito kuliko Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Wengi wameisoma kama waadhi: dunia ni hadaa, matajiri wamekwisha, majumba yao yamekuwa mahame. Usomaji huo si wa makosa, ila haukamilishi kazi. Yafaa kutazama anachokifanya mshairi kabla ya kuonya. Anaingia nyumbani, anazitaja taa, kuta, na madaka yaliyosheheni sahani za sini, na kila kimoja anakitaja mahali pake. Mtu anayedharau vyombo hawezi kuvikumbuka kwa mpangilio huo. Kisha, anapofika kwenye maangamizi, hayaachi madaka yale matupu. Mahali pa sahani analaza makinda ya ndege. Fahari imeondoka, lakini mpango wa nyumba umebaki, na kila tundu limepata mkaazi wake mpya. Mshairi anayeilaumu anasa ndiye mpambaji wa mwisho wa nyumba ile, na laiti asingejua kupamba, maonyo yake yasingemgusa mtu.

Kidaka chenyewe kinastahili kuangaliwa. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, vidaka vilipangwa kwa safu ukutani, chokaa ikichongwa kwa ustadi, hasa katika vyumba vya ndani. Vingine viko juu mno kwa mkono wa kawaida, na vingine ni vidogo kiasi kwamba haviwezi kuwa kabati. Watafiti wa nyumba hizo, akiwemo Linda Donley-Reid, wameeleza kwamba vyombo vya sini vilivyowekwa humo vilihesabiwa pia kuwa kinga ya nyumba dhidi ya jicho baya. Hapo pambo lilikuwa na kazi. Lilimwambia mgeni kwamba wenye nyumba wana watu wao ng'ambo, lilimlinda mwari na mzazi, na liligawa ukuta kama vituo vinavyogawa mshororo. Sahani moja ilihitaji mwenzake, na tundu moja lilihitaji tundu la kulijibu upande wa pili.

Kusini, katika milki ya Kilwa, tabia hiyo ya kukipa chombo mahali pake ilivuka kuta za nyumba. Msikiti Mdogo wa Makuba, pale Kilwa Kisiwani, ulipachikwa mabakuli yenye rangi ya kung'aa katika dari lake, hata anayeinua macho akayaona juu yake kama nyota. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, nguzo za makaburi zilitiwa sahani za Kichina. Bakuli lililopachikwa kwenye chokaa haliwezi tena kuliwa wala kuuzwa bila ya kuharibu jengo. Mwenye mali ameamua kwamba kazi yake ya mezani imekwisha na kazi ya kudumu imeanza. Ndiyo maana mashimo ya mviringo yanayoonekana leo katika makaburi mengi ya pwani yanasikitisha kuliko kabati lililoibiwa. Kabati likiibiwa hupungua mali tu. Kaburi likibanduliwa sahani hupoteza neno lililokwisha kusemwa.

Sir Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia wa Uingereza, alipopita kati ya Dar es Salaam na visiwa vya Kilwa mwaka 1955, alistaajabia wingi wa vigae vya Kichina vilivyotapakaa ufukweni, akaona kwamba historia ya Tanganyika tangu karne ya 10 imeandikwa katika kauri hizo. Kauli yake ilipendwa na imerudiwa mara nyingi. Hata hivyo, ina upungufu mmoja ambao mhakiki hana budi kuutaja. Kigae ni kile kilichosalimika kwa sababu hakiozi. Hakikuwa lazima kitu kilichothaminiwa zaidi. Habari za kale za Kilwa Kisiwani zinasimulia kwamba mwanzilishi wa mji alikipata kisiwa kwa nguo, na katika masimulizi ya Kiswahili nguo hiyo ilitandazwa kukizunguka kisiwa. Mji ule, kwa kumbukumbu yake wenyewe, ulijengwa juu ya nguo, wala si juu ya bakuli. Nguo imeoza, bakuli limebaki, na sisi tumeelekea kuwapa ustaarabu wale waliokuwa na vitu vigumu tu. Mkeka, ukili, mbao na kitambaa havimo katika daftari la Wheeler, ingawa ndivyo vilivyojaa nyumba za watu wengi.

Kuna kitu kingine cha Kilwa ambacho wapenzi wa ushairi wangepaswa kukijua kwa moyo. Ni sarafu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo za shaba zenye maandishi ya Kiarabu: upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili hizo hukutana kwa kina. Yaani mchuuzi wa samaki, alipopokea malipo yake, alipokea ubeti ulio mfupi kuliko wote, na ili kuusikia alilazimika kuigeuza sarafu kiganjani. Sarafu tano kati ya hizo ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi wa Australia katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, naye akaziweka kwenye kopo mpaka mwaka 1979 ndipo alipozipeleka zitambuliwe. Kwa miaka 35 zilikuwa mkusanyo wa mtu mmoja bila ya kuwa na maana. Chukua basi sarafu kama hiyo, uigandishe kwa gundi kwenye ubao wa ukutani, uitie fremu. Itapendeza. Lakini kina kimekatwa, kwa maana upande mmoja umegeukia mbao, na ubeti umebaki nusu.

Hapo ndipo palipo kosa la mapambo mengi ya siku hizi, katika nyumba na katika vitabu. Ukumbi wa wageni hutundikwa kinu, mbuzi ya kukunia nazi, kandili, gramafoni, sanduku la njumu na nusu ya mtumbwi, vyote kwa pamoja, kwa sababu vyote ni vya zamani. Ukale umefanywa rangi ya kupakwa. Hakuna anayeuliza kinu kile kilitwanga nini, wala kwa nini sanduku limewekwa penye mlango ilhali lilikuwa chombo cha chumbani, chenye siri za mwanamke. Na ushairi wetu haujasalimika na maradhi hayo. Zipo tungo nyingi zinazolilia ukale kwa kuorodhesha mtungi, kata, kibatari na kinu, zikidhani kwamba kutaja ni kukumbuka. Mizani ni sawa, vina ni safi, na bado ubeti haumwonyeshi mtu yeyote akiinama kuteka maji. Ni ukuta wa hoteli uliotiwa vina. Tofauti kati ya tungo hizo na Al-Inkishafi haimo katika wingi wa vyombo. Imo katika kujua kila chombo kilikaa wapi na kimemwacha nani.

Twende sasa Sudi, katika ghuba iliyo kati ya Lindi na Mikindani. Sudi haina jina kubwa la Kilwa, wala magofu yake hayamo katika orodha ya Urithi wa Dunia iliyoyapokea magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981. Lakini Sudi ina kitu ambacho miji mingi iliyo mikubwa kuliko yenyewe haina: habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili, zikaeleza asili ya mji na watawala wake. Habari hizo zilikusanywa zama za Wajerumani, zikachapishwa na Carl Velten huko Berlin mwaka 1907 pamoja na za Lindi, Mikindani na Kilwa, katika kitabu cha nathari na ushairi wa Waswahili. Freeman-Grenville akazitia katika Kiingereza mwaka 1962. Basi maneno ya wazee wa Sudi yalikuwa kitu cha kale kilichookotwa, kikasafirishwa, kikawekwa katika kidaka cha ugenini. Kutoka pwani hiyohiyo ya Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, yalichimbwa mabaki ya mijusi wakubwa wa Tendaguru, na leo kiunzi chenye kimo cha zaidi ya mita 13 kinapamba ukumbi wa makumbusho jijini Berlin. Mifupa ya Lindi na maneno ya Sudi yamekuwa mapambo ya mji mmoja.

Kuna tofauti, hata hivyo, na ndiyo inayotia matumaini. Mfupa ukiwa Berlin haupo Lindi. Maneno yakiwa Berlin yanaweza kuwapo Sudi pia, yakisomwa. Velten aliyachukua bila ya kuyamaliza. Mji usio na madaka ya chokaa, wenye nyumba nyingi za miti, udongo na makuti, una habari zake wenyewe za kuweka ukutani, na habari hizo ni za thamani kuliko sahani yoyote ya Kichina.

Wala isidhaniwe kwamba nyumba ya udongo haina sanaa ya kupamba. Rafu ya ubao yenye sahani na masinia yaliyosimamishwa kwa ukubwa, mkeka wa ukindu wenye rangi za kujibizana, kanga iliyotundikwa kwa ajili ya jina lake, saa ya ukutani iliyosimama zamani na isiyoondolewa kwa kuwa ililetwa na marehemu: hivi vyote vina sheria zile zile za Pate. Kila kitu kina mwenzake, kina mahali, na kina habari. Mgeni akiuliza, ataambiwa kilitoka wapi. Mhakiki akitafuta mahali pa kujifunza kupamba, nyumba hiyo itamfaa kuliko ukumbi wa wageni.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Pwani yetu ilipata hasara kwa kutoisikia methali hiyo, maana wanunuzi walikuja kwa ajili ya mlango. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 iliujua mtego huo: inavihesabu kuwa kumbukumbu vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inailinda milango na miimo iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Lakini sheria hulinda mbao. Haiwezi kulinda habari. Mlango unaweza kubaki nchini, ukang'olewa mtaa mmoja ukapachikwa mwingine, na asiwepo wa kusema nani aliuchonga na nani aliolewa akipitia humo.

Patakuwa na wa kujibu kwamba maneno haya ni ya walioshiba. Mwenye sanduku la bibi yake na karo ya mtoto isiyolipwa hataambiwa kina kimekatika. Jibu hilo ni la haki, na hakuna uhakiki unaopaswa kumfunga maskini kwenye samani zake. Hata hivyo, mwuzaji anauza chombo. Habari si lazima iende nayo. Akiandika katika karatasi jina la aliyekinunua chombo kile kwanza, mwaka, bandari, na harusi iliyokileta, atakuwa ameuza nusu na kubakiwa na nusu. Naye mnunuzi mwenye adabu angeidai karatasi hiyo, kwani bila yake amenunua mbao na misumari ya shaba tu. Ama kigae cha ufukweni Kilwa, hicho hakina bei wala ruhusa. Kikiokotwa na kupelekwa mezani kinakuwa kipande cha sahani. Kikiachwa mahali pake ni neno katika sentensi ambayo bado inasomwa. Magofu yale yalikaa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 2004 hadi 2014, na bahari haijaacha kuyalamba. Haihitaji msaada wa mifuko ya wageni.

Kwa watunzi, somo ni hilo hilo. Anayetaka kuandika juu ya mtungi na aujue mtungi ulipokaa, maji yake yalitoka kisima gani, na siku ulipovunjika nani aligombezwa. Asipolijua hilo, auache pale ulipo. Na wasomaji wa Lindi, Mikindani na Sudi wenye wazee hai majumbani waulize sasa, wakiwa wamekaa mbele ya rafu, sahani kwa sahani. Sayyid Abdalla aliwahi nyumba zikiwa zimekwisha kuanguka, akalazimika kuvipanga vyombo kwa kumbukumbu. Sudi ingali na vyombo, na ingali na wa kuvisemea.