Isiyobadilika au Isiyobadilishika? Uhakiki wa Tafsiri ya Msamiati wa Kiingereza Unaohusu Mambo Yasiyogeuzwa

Ikisiri
Makala haya yanahakiki mazoea ya kufasiri maneno kadhaa ya Kiingereza yanayotaja mambo yasiyogeuzwa kwa kisawe kimoja cha Kiswahili, yaani -siobadilika. Yanadai kwamba mazoea hayo huficha swali ambalo kila neno la asili hulijibu: nini hasa kimezuiwa?

Mfasiri anayekutana na maneno immutable, irrevocable, inalienable na fixed katika hati za kisheria hujikuta mara nyingi akiyagawia yote visawe vilevile: -siobadilika, thabiti, -a kudumu. Visawe hivyo havina kosa la kisarufi. Kasoro yake ni kwamba vinafuta mipaka ambayo mwandishi wa hati aliiweka kwa makusudi.

Tuanze na asili ya maneno yenyewe. Yametokana na Kilatini, na mengi kati yake hukanusha kitenzi mahususi. Immutable hukanusha kubadili. Irrevocable hukanusha kuita kitu kirudi. Inexorable hukanusha kulainishwa kwa maombi. Indelible hukanusha kufuta. Inalienable hukanusha kukifanya kitu kiwe cha mwingine. Fixed, kwa upande wake, haina ukanushi wowote. Asili yake ni kukaza au kupigilia, na kilichopigiliwa chaweza kung'olewa.

Uzito wa tofauti hizi unaonekana katika Kitabu cha Esta, sura ya nane. Amri iliyopigwa mhuri wa mfalme wa Uajemi haikuweza kutenguliwa. Hata hivyo, mfalme aliruhusu iandikwe amri ya pili, iliyowapa Wayahudi ruhusa ya kujitetea siku ileile waliyopangiwa kuangamizwa. Amri ya kwanza haikurudishwa. Kilichogeuka ni matokeo yake. Msomaji aliyeambiwa kwamba amri hiyo "haibadiliki" anaweza kuona kisa hiki kinajipinga, lakini aliyeambiwa kwamba "haitenguliwi" hatapata shida yoyote.

Je, Kiswahili kina upungufu wa kueleza hayo? La. Sheria za ardhi hutaja mali isiyohamishika, wala si mali isiyohama. Kiambishi cha kutendesha kimemwingiza mtendaji anayejaribu kuhamisha, na ukanushi umemzuia. Habari za uchaguzi hutaja wino usiofutika, wala si wino usiobadilika. Wahenga nao walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hawakusema kwamba hayabadiliki, kwa kuwa maji yaliyomwagika hubadilika sana: hukauka, hunywewa na ardhi, hugeuka tope. Kisichowezekana ni tendo moja tu, kuyazoa. Methali hiyo inalijibu neno irrevocable kuliko kisawe chochote cha jumla.

Chanzo cha utata ni kauli ya kutendeka, ambayo hubeba dhana mbili. Katika "kioo kimevunjika" inaeleza hali. Katika "mwandiko huu hausomeki" inaeleza uwezekano. Kwa hiyo, isiyobadilika yaweza kuwa ni ile ambayo haigeukigeuki, au ile ambayo hakuna awezaye kuigeuza. Umbo isiyobadilishika huielekeza maana upande wa pili, kama lifanyavyo umbo isiyohamishika.

Mfano wa Kenya unaonyesha kwamba hili si suala la wanaisimu peke yao. Kifungu cha 255 cha Katiba ya 2010 kinaorodhesha mambo kumi ambayo marekebisho yake lazima yaidhinishwe kwa kura ya maamuzi. Katika kesi ya BBI ya mwaka 2021, Mahakama Kuu, na baadaye Mahakama ya Rufaa, zilikubali kwamba Katiba ina muundo wa msingi usioweza kuguswa kwa njia ya kawaida ya marekebisho. Tarehe 31 Machi 2022, Mahakama ya Juu ilikataa kwamba nadharia hiyo inatumika nchini humo. Mzozo ulihusu umbali kati ya "vigumu kubadilishwa" na "visivyobadilishika". Kiingereza cha wanasheria huviita vifungu vya aina hiyo entrenched, neno lililotokana na handaki. Handaki humchelewesha adui; halimzuii milele. Anayeviita "vifungu visivyobadilika" ameshatoa hukumu kabla ya mahakama.

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba isiyobadilishika ni refu mno. Lakini linazidi isiyohamishika kwa silabi moja tu, nalo hili limekwisha kuzoeleka. La pili ni zito zaidi: hata umbo hilo halimtaji aliyezuiwa. Hapo tunakubali kwamba kisawe cha neno moja hakitoshi, na kwamba hati ya haki na wajibu yapaswa kusema waziwazi: "isiyoweza kubadilishwa na upande wowote kabla ya muda kwisha."

Wazungumzaji wenyewe wameshaionyesha njia. Kile ambacho benki hukiita kwa Kiingereza fixed deposit kimekuwa akaunti ya muda maalumu. Waliounda istilahi hiyo waliuliza ni kitu gani kilichokazwa, wakaona ni muda. Swali hilo hilo halikuulizwa pale fixed inapofasiriwa "riba isiyobadilika" bila kutaja kipindi chake. Mkopaji anayesoma maneno hayo ana haki ya kuamini kwamba hakuna awezaye kuigusa riba yake mpaka deni liishe. Kama mkataba wa Kiingereza ulikusudia miaka miwili tu, gharama ya kisawe hicho itamwangukia yeye.