Kigawo na Kigawe: Uhakiki wa Lugha ya Hisabati katika Madarasa ya Juu ya Shule za Msingi

Watoto wawili wa ukoo mmoja hukaa jioni barazani pa jirani yangu, hapa Mbezi Beach, wakifanya kazi walizopewa na walimu wao. Mmoja yu darasa la saba katika shule ya serikali, ambako hesabu hufundishwa kwa Kiswahili. Wa pili yu darasa lilo hilo, lakini katika shule ya kulipia ambamo masomo yote ni kwa Kiingereza. Siku moja waliniletea shauri niwaamue. Wote wawili walikuwa wakishughulika na namba 12 na 18. Yule wa shule ya serikali aliandika kwamba KDS ya namba hizo ni 6 na KKS ni 36. Mwenzake, aliyeyajua mambo hayo kwa majina ya Kiingereza tu, alipata kinyume chake, naye ndiye aliyekuwa sahihi. Nilipomwuliza wa kwanza sababu ya jibu lake, alinijibu bila ya kusita: "Mjomba, hiyo D si ni kidogo? Na sita si ndiyo ndogo?"

Jibu hilo lilinikaa moyoni, kwani mtoto hakukosa kwa uvivu. Alilisoma jina, akalifuata lisemavyo, nalo likampoteza. KDS ni kigawe kidogo cha shirika. KKS ni kigawo kikubwa cha shirika. Kwa namba 12 na 18, kigawe "kidogo" ni 36, na kigawo "kikubwa" ni 6. Mwanafunzi asiyejua tofauti iliyopo kati ya kigawe na kigawo hana la kushika ila "kidogo" na "kikubwa", na maneno hayo mawili, yakichukuliwa peke yake, humpeleka upande usio wake.

Sisi wenye kazi ya lugha twapaswa kulitazama jambo hili kabla ya kuwaachia walimu wa hesabu lawama. Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali Tanzania Bara tangu mwaka 1967, na tangu hapo istilahi nyingi za hisabati zimebuniwa, zikaingia vitabuni, zikakomaa. Vitabu vya darasa la tano hadi la saba, ambavyo sasa hutolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, vimejaa maneno hayo. Hoja yangu ni kwamba maneno hayo yenyewe ni vifaa vya kufundishia, sawa na mizani au rula. Baadhi yake ni vifaa bora ambavyo havijatumiwa; mengine ni vibovu ambavyo hatujavirekebisha.

Nianze na hilo lililowagombanisha watoto. Kigawo na kigawe yametoka katika kitenzi kimoja, gawa, wala hayatofautiani ila kwa irabu ya mwisho. Irabu -e ni ya mtendewa: mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mshinde ni aliyeshindwa. Basi kigawe ni kilichogawiwa, yaani namba inayogawanyika. Irabu -o mara nyingi ni ya chombo: kifuniko ni cha kufunikia, kizibo ni cha kuzibia, ufunguo ni wa kufungulia. Basi kigawo ni namba ya kugawia. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, kwa kuwa kila moja yaigawa 12 bila ya baki. Vigawe vya 12 ni 12, 24, 36 na kuendelea, kwa kuwa zote zagawanyika kwa 12. Mwenye kuyajua haya hawezi tena kudhani kwamba kigawe cha 12 na 18 chaweza kuwa 6. Kitu kinachogawanywa na 18 bila ya baki kitakuwaje kidogo kuliko 18? Maneno ya Kiingereza ya mambo haya mawili hayana udugu wowote wa sura. Ya kwetu yana udugu, tena udugu unaofundisha.

Lakini nisilisifu jina kupita kiasi. Irabu -o haina kazi moja. Mtoto wa Dar es Salaam alilijua neno mgawo kabla ya kuingia shuleni, kwa ajili ya mgawo wa umeme, na mgawo si chombo cha kugawia. Ni tendo la kugawa, au fungu analolipata mtu. Hivyo mtoto huyo ana haki ya kudhani kwamba kigawo ni kile kilichopatikana baada ya kugawa. Na irabu -e haizai tena maneno katika mazungumzo ya kila siku. Watoto wamelipokea neno mtume zima zima, hawaoni "tuma" ndani yake. Ndiyo maana jina hili halijifundishi lenyewe. Lahitaji mwalimu asimame dakika 10 ubaoni, aandike mtume, kiumbe, kigawe, kisha kizibo, kifuniko, kigawo. Desturi ya vitabu ni kutoa maana, kufuatisha mfano wa namba, na kuingia mazoezini. Neno lenyewe hupitwa kama kibao cha njiani kilichoandikwa lugha ya wageni. Neno la tatu katika jina hilo, shirika, nalo lina kasoro yake: mwandishi alikusudia ushirika wa namba mbili, na mtoto husikia Shirika la Umeme.

Jozi nyingine ya namna hii ni kipeo na kipeuo. Kipeo cha pili cha 7 ni 49. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Pea ni kufika upeo. Sauti -u- iliyopachikwa katika kipeuo ni ile ile inayotengua tendo katika funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Hata kama kitenzi "peua" hakisikiki njiani, mantiki yake ni safi kabisa: hesabu ya pili yaitengua ya kwanza. Nakiri kwamba nilipokuwa ng'ambo nikiandika tasnifu yangu niliwaonyesha wenzangu jozi hii kwa fahari. Nilichosahau kuwaambia ni kwamba mtoto wa nyuma kabisa katika darasa lililojaa hasikii tofauti ya kipeo na kipeuo, mwalimu asipozitenganisha silabi kwa makusudi.

Namba tasa sina la kuitetea. Namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe imeitwa kwa jina la asiyezaa. Lakini namba hizo ndizo zizaazo: kila namba nzima iliyozidi 1, ikiwa si tasa, imetokana na kuzidisha namba tasa kwa namba tasa. Jina lasema kinyume cha jambo, na zaidi ya hayo ni neno ambalo mwalimu mwenye haya huona taabu kulitamka mbele ya wazazi. Shufwa na witiri, kwa upande mwingine, ni maneno yenye mizizi. Mtoto wa Kiislamu ameisikia witiri katika sala, naye hujua kwamba rakaa zake hazigawanyiki mbili mbili. Mwenzake asiyesali sala hiyo hana budi kuelezwa.

Hapo ndipo ninapouona utajiri wa pwani ulivyoachwa nje ya mlango wa darasa. Sudusi, thumuni, theluthi na robo zimo katika elimu ya mirathi, na wazee wa Kunduchi na Bagamoyo huzitaja bila ya karatasi. Shule imechukua nusu, robo na theluthi, na zilizobaki ikaziita "moja ya sita" na "moja ya nane". Yafaa kukumbuka kwamba al-Khwarizmi, aliyeandika huko Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za urithi na wasia. Neno aljebra lilitufikia kwa njia ya Ulaya, nasi tukalipokea kama mgeni, hali ndugu zake walikuwa wamekwisha kukaa nasi.

Katika aljebra yenyewe tatizo si istilahi peke yake. Ni mpangilio wa maneno. Mswahili husema machungwa mawili: kitu kwanza, idadi baadaye. Alama ya aljebra huandikwa 2x: idadi kwanza. Mpangilio huo wamwafiki Mwingereza, kwani ndivyo asemavyo. Mtoto wetu hutakiwa kuandika kinyume cha ulimi wake, wala hakuna amwambiaye. Nimewaona watoto wakiandika x2 wakidhani wameandika x mbili, na alama nyekundu ikawafuata bila ya maelezo. Ndivyo ilivyo pia kwa asilimia: twasema asilimia 20, twaandika 20%. Na herufi x yenyewe haimo katika tahajia ya Kiswahili, haiandiki neno letu hata moja. Labda hilo ni jema, kwani kisichojulikana kimepewa sura isiyojulikana. Lakini mtu angewaambia watoto hivyo wangecheka na kukumbuka.

Mlinganyo ni neno zuri kuliko yote. Ndani yake mna lingana, na mwenye duka kule Tangi Bovu aliye na mizani ya mawe aweza kulifundisha bila ya kitabu: mifuko miwili ya sukari iliyo sawa na jiwe la kilo 1 upande huu, mawe ya kilo 5 upande ule. Ondoa kilo 1 huku na huku, mizani haitikisiki. Zabaki kilo 4 kwa mifuko miwili, na kila mfuko ni kilo 2. Mtoto aliyeona hivyo haambiwi tena kwamba namba "inavuka na kubadili alama", kauli ambayo imewafanya wengi wadhani kuna uchawi katika alama ya usawa.

Sitaipita MAGAZIJUTO. Kwa sikio ni kazi bora: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, zimeungwa kwa silabi wazi kama neno halisi la Kiswahili. Kwa hesabu ina mtego. Mtoto aifuataye neno kwa neno, akipewa 10 − 4 + 3, hujumlisha kwanza 4 na 3, akapata 7, akaitoa katika 10, akaandika 3. Jibu ni 9, kwa kuwa kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja na hufanywa kutoka kushoto. Kifupisho cha Kiingereza kina mtego uo huo, nasi tuliutafsiri pamoja nacho.

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Hisabati haikuwamo, nayo ndiyo ambayo kila mtoto husomeshwa kwa Kiswahili kila siku ya juma la shule. Kisha mtoto huyo huingia kidato cha kwanza, na maneno yote haya, mazuri na mabaya, huondolewa siku moja. Tume iliyotoa ripoti yake mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari, serikali haikukubali. Zanzibar, kwa sera yake ya elimu ya mwaka 2006, iliurudisha mpaka huo nyuma hadi darasa la tano kwa hisabati na sayansi. Sijadili hapa lugha ipi ishinde. Nasema kwamba popote mpaka unapowekwa, pawepo daraja, na daraja hilo ni dogo: ukurasa mmoja mwishoni mwa kitabu cha darasa la saba, na uo huo mwanzoni mwa kitabu cha kidato cha kwanza, wenye istilahi za lugha zote mbili, mfano mmoja wa namba kwa kila istilahi, na mstari mmoja wa asili ya neno la Kiswahili. Jina "kigawe kidogo" lingeandikwa kwa ukamilifu wake, "kigawe kidogo kuliko vyote", hata kama kifupisho kingebaki kile kile.

Ukurasa wa namna hiyo nimeuandika kwa mkono na kumpelekea jirani. Yule mtoto wa shule ya kulipia aliunakili wote. Yule wa darasa la saba aliusoma, akachukua kalamu, akaongeza chini neno moja nililokuwa nimelisahau: baki.