Sifa ya Kigwe: Usukaji wa Kumihimo na Mgeni Anayeujaribu

Kumihimo ni jina wanalotumia Wajapani kwa usukaji wa vigwe, yaani kamba nyembamba, mara nyingi za hariri, zinazopatikana kwa kupishanisha mafungu ya nyuzi hadi yakashikana na kuwa kitu kimoja. Ni kazi ambayo jicho huipita kwa urahisi, kwa sababu kigwe karibu siku zote hufungwa juu ya kitu kingine kinachovuta macho zaidi, iwe ni upanga, vazi la kimono, sanduku la zawadi au hati ya dini iliyokunjwa. Mtazamaji katika jumba la makumbusho husimama mbele ya deraya ya samurai, akastaajabia chuma chake na pembe za chapeo, kisha akaondoka bila kutambua kwamba kilichoshikilia mamia ya vibamba vile visimwagike sakafuni ni vigwe alivyovichukulia kuwa pambo. Ndiyo maana masomo mafupi ya usukaji wanayopewa wasafiri huko Kyoto, Tokyo na Iga, ambayo wengine huyadharau wakiyaona kuwa burudani ya watalii, yanastahili kuheshimiwa: mkono uliokwisha kujaribu kusuka, hata kwa saa moja tu, hulifungua jicho kwa namna ambayo maelezo yaliyobandikwa kwenye kabati la kioo hayawezi kulifungua.

Ili kuelewa uzuri wa kigwe ni lazima kwanza kukitenganisha na nguo na kamba ya kawaida. Nguo hufumwa kwa nyuzi zenye kazi mbili tofauti, mtande uliotandazwa kwa urefu na kutulia mahali pake, na mshindio unaopitishwa kwa upana kati ya nyuzi za mtande. Kamba ya kawaida nayo husokotwa, na nguvu zake hutokana na nyuzi kuzungushwa pamoja, hivyo kwamba ncha yake ikiachiwa huanza kujifumua yenyewe. Kigwe hakina mtande wala mshindio. Kila uzi husafiri kwa mshazari kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukipita juu ya wenzake hapa na chini yao pale, na hakuna hata mmoja uliopewa kazi ya kukaa tu ukisubiri wengine waupitie. Mshazari huo ndio siri ya tabia ya kigwe, kwa maana kikivutwa hurefuka kidogo huku kikijibana, kikiachiwa hurejea katika hali yake, na fundo lake hushika kutwa nzima bila kuteleza wala kuumiza kiuno kilichofungwa.

Chombo cha msingi cha kazi hii ni marudai, kigoda cha mti chenye uso wa duara na tundu katikati, uso uliopigwa msasa ukalainika kiasi kwamba wasukaji huuita kioo. Pembezoni mwa kioo huning'inia tama, yaani vipande vya mti vya duara vyenye kiuno chembamba cha kuzungushia uzi, vilivyotiwa risasi ndani ili viwe na uzito sawa, mara nyingi gramu 70 au 100 kila kimoja. Fungu la uzi hukunjwa kwenye tama yake na kuzuiwa kwa kitanzi kinachouruhusu uzi kushuka kidogo kidogo kila unapohitajika. Ncha za mafungu yote hukutana juu ya tundu zikafungwa pamoja, na chini ya fundo hilo hutundikwa mfuko wenye uzito ambao kwa desturi hukaribia nusu ya uzito wa tama zote, kwa hiyo tama nane za gramu 100 hulinganishwa na mfuko wa gramu 400 hivi. Mfuko ukizidishwa uzito, kigwe hushuka haraka na kutoka kikiwa kimelegea. Ukipunguzwa, misuko hukaribiana na kigwe kuwa kigumu. Msukaji anayetaka kigwe laini cha kufungia mkoba wa hariri, au kigwe kikakamavu kinachoweza kubeba kitu, huanza kwa kuupima mfuko.

Hapo ndipo ilipo hekima ya marudai, na ndipo pia mgeni anapopata somo lake la kwanza, ambalo kwa kawaida huwa gumu kuliko alivyotarajia. Mtu aliyezoea kusuka nywele au kufunga mizigo huja akiamini kwamba kukaza ni kazi ya vidole, na kwa hiyo anapoketi mbele ya kigoda huuvuta kila uzi anaouhamisha. Mara kigwe huinuka juu ya kioo, sehemu zinaposhikana nyuzi huhama kutoka katikati ya tundu na kuelekea upande alikovuta zaidi, na msuko uliokuwa umeanza vizuri ukaonyesha kifundo. Mwalimu humrudisha taratibu kwenye kanuni: mkono unapeleka, uzito unakaza. Vidole huingia chini ya uzi, vikaunyanyua kiasi cha kuuvusha, vikaulaza mahali pake papya na kuuacha, na tama ikishuka kwa uzito wake yenyewe hutoa mvuto uleule uliotolewa na tama iliyoitangulia na utakaotolewa na ile itakayoifuata. Ulinganifu ambao mkono wa binadamu hauwezi kuudumisha kwa mita nzima umekabidhiwa kwa risasi na mvutano wa dunia, ili mkono ubaki na kazi inayoufaa, nayo ni kujua ni uzi upi unaofuata.

Katika msuko uitwao kongo-gumi, unaotoa kigwe cha mviringo na ambao wanafunzi wengi huanza nao, tama nane hupangwa mbilimbili katika pande nne za kioo. Mikono yote miwili huinuka pamoja, mmoja ukichukua tama ya upande wa mbali na mwingine ya upande wa karibu, zikabadilishana pande. Kisha mikono hurudia tendo hilohilo kwa tama za kulia na za kushoto, na mzunguko huanza upya. Hakuna zaidi ya hapo, na bado rangi hufanya mengi katika utaratibu huo mfinyu, kwa sababu mienendo ileile hutoa mistari inayozunguka kigwe kama itapangwa rangi kwa namna moja, na hutoa madoa kama maua madogo ikipangwa kwa namna nyingine. Mwanafunzi anayekosea hafichi kosa lake kwa kuendelea, kwani msuko huonyesha kila kitu. Hulazimika kurudisha hatua kinyume, moja baada ya nyingine, hadi afike palipokuwa sawa. Baada ya muda mazungumzo mezani hupungua, na kinachosikika ni tama za mti zikigongana kwa mdundo unaozidi kuwa sawia kadiri mikono inavyoacha kusita.

Ufundi huu uliingia Japani kutoka bara la Asia, kupitia China na Korea, katika zama zilezile ilipoingia dini ya Buddha, na mahekalu yake yakahitaji vigwe vya kufungia hati takatifu na kupambia vyombo vya ibada. Katika Shosoin, ghala la hekalu la Todaiji mjini Nara, ambamo vitu vya mfalme Shomu viliwekwa wakfu na mjane wake Komyo mwaka 756, vimehifadhiwa vigwe ambavyo wasukaji wa leo huvichunguza kwa heshima kubwa, kwa maana baadhi ya misuko yake ilikuwa imesahauliwa na ikabidi igunduliwe upya. Watafiti wanaona kwamba vigwe vingi vya kale havikusukwa juu ya kigoda chochote bali kwa vitanzi vilivyovishwa mikononi, vikipitishwa kimoja ndani ya kingine. Baadaye, katika zama za Heian, wakuu wa ikulu walijifunga mishipi ya hariri iliyosukwa kwa michoro, na vita vilipowapa samurai utawala, kigwe bapa kikawa kiungo cha deraya: vibamba vidogo vya chuma au ngozi iliyopakwa laka viliunganishwa safu kwa safu kwa kigwe, ili vazi likunjamane pamoja na mwili wa mpiganaji. Deraya moja ilimeza mamia ya mita za kigwe, na rangi za vigwe hivyo zilipendezesha vazi zima.

Amri ya mwaka 1876 iliyowakataza samurai kubeba panga hadharani ingeweza kuua kazi hii, kwani wasukaji wengi waliishi kwa kusuka vigwe vya mipini na ala. Kilichowaokoa ni mavazi. Husimuliwa kwamba kabla ya amri hiyo, mwaka 1817, daraja la upinde la hekalu la Kameido Tenjin mjini Edo, yaani Tokyo ya leo, lilipofunguliwa upya, geisha wa mtaa wa Fukagawa walijifunga obi, mshipi mpana wa kimono, kwa fundo lenye umbo linalokumbusha daraja hilo, na kwa kuwa fundo la namna hiyo halijishikilii lenyewe, likahitaji kigwe cha kulibana. Kigwe hicho, kiitwacho obijime, kilienea hadi kikawa sehemu ya lazima ya vazi la mwanamke, na mikono iliyokuwa ikihudumia panga ikapata mahali pa kuendelea. Mwaka 1902 Hirosawa Tokusaburo, aliyejifunza usukaji mjini Tokyo, alirudi kwao Iga, mji wa mkoa wa Mie alikozaliwa mshairi Matsuo Basho, akaanzisha karakana. Leo Iga inajulikana kwa vigwe vya mkono, na serikali ya Japani ilivitambua kuwa sanaa ya jadi mwaka 1976. Filamu ya katuni ya Makoto Shinkai, Kimi no Na wa, iliyotoka mwaka 2016 ikiwaonyesha bibi na wajukuu wake wakisuka, iliwafanya watu wa mbali walijue jina la kazi ambayo hawakuwahi kuisikia.

Hata hivyo, somo la msafiri lina upungufu mmoja ambao walimu bora hawaufichi. Mgeni huletewa kigoda kilichokwisha kuandaliwa, nyuzi zikiwa zimepimwa, zimekunjwa na kupangwa rangi, wakati ambapo matayarisho hayo ndiyo sehemu kubwa ya ufundi. Hariri mbichi huchemshwa kuondoa utomvu wake, hutiwa rangi, hugawanywa katika mafungu yenye idadi sawa ya nyuzi, kisha hupimwa kwa urefu unaozingatia kwamba uzi unaosafiri kwa mshazari huishia kuwa kigwe kifupi kuliko wenyewe. Fungu moja likiwa na nyuzi chache kuliko mengine, hakuna umahiri wa mkono utakaolificha. Mwishoni shada za ncha hufungwa na kupitishwa kwenye mvuke ili nyuzi zake zinyooke. Karakana inayomwonyesha mgeni hata fungu moja likipimwa, na kumwacha afunge shada lake mwenyewe, humtendea haki zaidi kuliko ile inayomharakisha aondoke na bangili nadhifu.

Ni vyema pia aonyeshwe takadai, fremu kubwa ya mti ambayo msukaji huketi ndani yake, tama kadhaa wa kadhaa zikiwa zimepangwa kwenye mikono yake ya kulia na kushoto. Hapa kigwe hutoka kikiwa bapa: uzi wa upande mmoja hupitishwa juu na chini ya nyuzi za upande wa pili, kisha hupigwa kwa upanga wa mianzi uitwao hera ili ukae mahali pake. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atautambua mwenendo huo mara moja, kwa sababu ndio mwenendo wa ukili, utepe wa miyaa ambao wasukaji wa Pemba, Unguja na Lamu huusuka kwa vidole vitupu na kuushona kuwa mkeka. Miyaa nayo huenda mshazari, hufika ukingoni, hugeuka na kurudi. Msukaji wa mkeka hushikilia kwa dole gumba kile ambacho Mjapani amekikabidhi kwa risasi, na kila mmoja angeielewa kazi ya mwenzake kwa kuitazama tu.

Aliyekwisha kusuka inchi chache za kongo-gumi na kuzifumua nusu yake humtazama msukaji wa takadai kwa macho mengine. Huona ni lini uzi umechukuliwa mapema mno, husikia pigo la hera lililokuwa jepesi kuliko la awali, na akiliona dukani obijime la hariri lililosukwa kwa mkono, ambalo bei yake ilimshangaza asubuhi, hulishika, akaligeuza upande wa pili na kuanza kuhesabu nyuzi.