Kabro Katika Nchi ya Jalidi

Siku mbili nzima fundi hakupanga hata kabro moja. Alichimba tu. Asubuhi ya siku ya tatu nilitoka na kikombe changu cha chai nikakuta shimo limekula ua wote wa mbele, kutoka mlango wa gereji hadi ukingo wa barabara, kina chake kimepita futi moja, na kabro nilizozilipia bado zimefungwa nailoni pembeni kama mizigo iliyokosa mwenyewe. Mimi nimelelewa Mombasa. Najua fundi haharakishwi. Hata hivyo nilijikaza nikamwuliza, "Mzee wangu, kazi yenyewe tutaianza lini?" Akaegemea koleo lake, akanitazama kwa upole. "Mdogo wangu," akasema, "kazi yenyewe ndiyo hii. Zile ni kifuniko."

Mzee huyu ni mtu wa Bukavu. Kwao, katika mji ule uliojengwa juu ya vilima vinavyoshuka hadi Ziwa Kivu, mtoto hujifunza mapema jinsi maji yanavyoweza kuondoka na barabara pamoja na nyumba zilizo kandokando yake. Ufundi wa kabro aliupatia hapa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani, mahali ambapo kwa miezi kadhaa ya mwaka maji hayakimbii popote. Husimama yakawa mawe. Ameyajua basi kwa sura zake zote mbili. Nadhani ndiyo sababu huyazungumzia kama mtu anavyomzungumzia jirani mkorofi ambaye hana namna ya kumhamisha.

Lazima nieleze kwa nini nilimwamini. Miaka michache kabla yake nilimpa mtu mwingine kazi ya kutandika kibaraza cha nyuma. Alianza Ijumaa, akamaliza Jumamosi, na Jumapili tulichoma nyama juu yake. Mistari ilinyooka, rangi zilipendeza, wageni wakasifu. Majira ya baridi ya kwanza yakapita salama. Baada ya yale ya pili, theluji ilipoyeyuka mwezi wa Aprili, kibaraza kilikuwa kimefura katikati kama andazi, pembe yake moja imezama, na maji yaliyopaswa kwenda bustanini yakawa yanaelekea kwenye ukuta wa nyumba. Ilinisikitisha kuliko nilivyotarajia. Kabro zenyewe hazikupasuka hata moja. Nilipoinua chache nikaona mchanga kidogo, kokoto za kuhesabika, kisha udongo mweusi laini uliojaa maji. Kila kitu kilichoonekana kilikuwa kizuri, na kila kisichoonekana kilikuwa hakijafanywa.

Sisi tuliotoka nchi za joto tunafikiri tunajua barafu inavyofanya kazi. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Chupa iliyosahauliwa ndani ya friza hupasuka. Basi ardhi nayo hutanuka, ikasukuma kabro. Ni kweli, lakini hicho ni kipande kidogo tu cha kisa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mwanajiolojia mmoja wa Marekani, Stephen Taber, aligandisha udongo aliouloweka kwa benzeni badala ya maji. Benzeni, kinyume cha maji, hunywea inapoganda. Udongo ukainuka vilevile. Kumbe kinachoinua ardhi ni kiu. Baridi inaposhuka polepole kutoka juu, barafu ya kwanza hunyonya maji kutoka chini, yakapanda katika matundu madogo ya udongo kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa koroboi. Yanafika, yanaganda, yanavuta mengine. Hivyo hujengeka tabaka za barafu safi, moja chini ya nyingine, na kila tabaka humsukuma aliye juu yake, awe kabro, nguzo ya ua au barabara kuu.

Si kila udongo una kiu hiyo. Mchanga mkubwa hauvuti maji mbali. Mfinyanzi mzito huvuta kwa nguvu lakini polepole. Ule wa katikati, laini kama unga, ndio hatari kuliko wote. Mwaka 1931 Arthur Casagrande, mmoja wa waasisi wa elimu ya udongo kwa wahandisi, aliweka kipimo ambacho bado kinatajwa hadi leo: katika udongo wa kawaida wenye chembe za ukubwa mchanganyiko, chembe ndogo kuliko milimita 0.02 zikizidi asilimia 3, huo ni udongo wa kuogopwa kwenye baridi. Asilimia 3! Konzi mbili tatu za vumbi ndani ya debe zima la kokoto, na kazi yote imeingia mashakani.

Basi jalidi, barafu hiyo ya ardhini, huhitaji vitu vitatu ili kuinua ardhi: baridi, maji, na udongo wa kuyabeba. Baridi ya Minnesota hakuna fundi anayeiweza. Usiku mwingine wa Januari kipimajoto husoma nyuzi 25 chini ya sifuri. Wajenzi wa nyumba huikimbia. Kanuni za jimbo hili zinataka msingi wa nyumba ushuke inchi 42 upande wetu wa kusini, na inchi 60 kaskazini, ili ukae chini ya kina inakofika jalidi. Njia ya gari haina pa kukimbilia. Hakuna mwenye fedha za kuchimba futi tatu na nusu chini ya uwanja mzima kwa ajili ya kuegesha gari. Fundi wa kabro, tofauti na mwashi wa nyumba, hujenga ndani ya jalidi yenyewe, akijua itafika, akijua itapita chini ya kazi yake kila mwaka maadamu kazi hiyo ipo. Hapo ndipo moyo wangu ulipomwinamia.

Kabla ya koleo kugusa nyasi mzee alikuwa amepiga simu namba 811, kama inavyotakiwa kote Marekani, na watu wakaja kuchora mistari ardhini: nyekundu kwa umeme, njano kwa gesi, buluu kwa maji ya kunywa. Kisha ndiyo akachimba. Aliposhindilia udongo wa chini alitandika juu yake kitambaa kigumu cheusi, kinachopitisha maji lakini kinazuia udongo usipande kuchanganyika na kokoto. Nilidhani ni urembo wa kisasa. Alinionyesha kwenye kibaraza cha nyuma: kokoto zilizowekwa bila kitambaa zilikuwa zimezama, zimemezwa na tope.

Halafu zikaja kokoto zenyewe, lori baada ya lori. Kwa uwanja wa mita za mraba 50 na kina cha sentimita 25, hizo ni mita za ujazo 12 na nusu, na zikishindiliwa uzito wake unapita tani 25. Si changarawe za mviringo za mtoni, ambazo huteleza moja juu ya nyingine. Hizi zilivunjwa kwa mashine, zina kona kali zinazong'ang'aniana, na vumbi lake ni dogo. Alizimwaga tabaka la inchi nne, akazinyunyizia maji kidogo, akashindilia, ndipo akamwaga tabaka jingine. Hakusogea bila kusikiliza. Mashine ya kushindilia ikianza juu ya kokoto legevu hutoa mngurumo mzito, kama gari kwenye barabara ya vumbi. Kokoto zikikaza sauti hupanda, ikawa kali, na mashine yenyewe huanza kurukaruka. Mzee alikuwa amevaa vizuia sauti masikioni, na bado aliyajua mabadiliko hayo kwa nyayo zake. Aliupitisha msingi nje ya mstari wa kabro kwa kiasi kile kile cha kina chake, ili ukingo usisimame juu ya udongo mtupu. Sehemu hiyo leo ina nyasi juu yake, na mpita njia hawezi kujua kwamba chini yake kuna kokoto.

Nikamwuliza kuhusu vumbi la mawe. Mombasa na Nairobi nimeona mafundi wengi wakimwaga vumbi la kwari, wakalilainisha, wakapanga kabro juu yake, na kazi ikadumu. Akatikisa kichwa. Kwetu adui ni mvua kubwa na magurudumu, na vumbi hujikaza vizuri. Hapa vumbi hilo hushika maji, na maji yaliyoshikwa ndiyo chakula cha jalidi. Alitumia mchanga mkavu mkubwa wa kutengenezea zege, inchi moja tu, akiusawazisha kwa ubao uliovutwa juu ya mabomba mawili. Baada ya hapo hakuna mguu uliokanyaga. Paka wa jirani alipopita, mzee alisimamisha kila kitu akaurekebisha upya mstari wote wa nyayo zake. Nilimpenda kwa hilo.

Kupanga kabro, kule tunakokuita ufundi sisi watazamaji, kulichukua siku moja na nusu. Zilikuwa za milimita 60. Kwa viwango vya Marekani kabro lazima ihimili wastani wa paundi 8,000 kwa inchi ya mraba, na isinywe maji zaidi ya wastani wa asilimia 5 ya uzito wake, kwa sababu maji yaliyonywewa yataganda humo humo. Alizipanga kwa mtindo wa mifupa ya samaki, kila moja ikikata njia ya mwenzake, na nilipoinama kutazama nikawakumbuka wasusi wa ukili na mchezo wa kupita juu na kupita chini. Mtindo huu hauna mstari mrefu ulionyooka ambao gurudumu linaweza kuufungua. Baadaye alifagia mchanga mkavu kwenye mianya ya milimita chache, akashindilia, akafagia tena. Gari linapokanyaga kabro moja, mchanga huo hupeleka mzigo kwa majirani zake, na ukingo uliopigiliwa misumari mirefu huwazuia wote wasitawanyike.

Ufundi huu wa kabro za zege ulienea kutoka Uholanzi baada ya Vita Kuu ya Pili, matofali ya udongo yalipoadimika na miji ikahitaji barabara upya. Waholanzi wana jina maalumu la fundi huyu: stratenmaker, mtengeneza barabara. Sisi bado tunamwita fundi kabro, au hatumwiti chochote.

Jirani yangu wa kushoto alichagua zege la kumwaga. Ni kazi halali, na ya kwake ilifanywa vizuri. Lakini zege ni bamba moja. Likiinuliwa upande mmoja huelekea kupasuka, na ufa wake hauzibwi bila kovu. Kabro zikiinuka huachiana nafasi kidogo, na barafu ikiyeyuka hurudi. Pakizama mahali, fundi huja na bisibisi mbili, akazing'oa kabro hizo, akarekebisha chini, akazirudisha zile zile. Mzee hakuniahidi kwamba njia yangu haitasogea. Aliniambia itapanda na itashuka, ila itapanda pamoja na itashuka pamoja, kwa sababu chini yake kote kuna kitu kimoja, na maji yana mlango wa kutokea. Ndiyo maana pia alisisitiza mteremko, robo inchi kwa kila futi, kutoka gereji hadi barabarani. Alipima kwa uzi na pima maji mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu.

Majira manne ya baridi yamepita. Chumvi imemwagwa, koleo la theluji limekwaruza juu yake asubuhi za giza, gari zito la mafuta ya kupasha nyumba limegeuzia hapo. Kila Aprili naweka ubao mrefu juu ya kabro, mahali tofauti tofauti, nachungulia chini yake kutafuta mwanga. Mwaka huu niliona mwanga mwembamba sehemu moja, karibu na bomba la paa, usiozidi unene wa sarafu. Nilimpigia simu. Akacheka kwa furaha ya mtu aliyeulizwa habari za mwanawe, akasema nisubiri Mei, ardhi ikikauka, atakuja kupatazama.

Ndugu zetu wengi sasa wananunua nyumba Minneapolis, Winnipeg, Oslo, wanatafuta fundi wa kuwatandikia ua. Ukimpata wako, usianze na rangi ya kabro. Mwulize atachimba kiasi gani, na maji yatatokea wapi. Kisha chukua ruhusa kazini, umpelekee chai siku anaposhindilia kokoto, usimame kandokando uitazame kazi yake yote kabla hajaifunika.